Jagar Haisikilizwi kwa Spika

Wadogo zangu, juzi nimesikiliza faili za jagar mlizorudi nazo kutoka Almora, India, nikashika kichwa. Jagar ni ibada ya kumwita mungu kwa wimbo na ngoma mpaka ampande mtu. Makosa yangu yote, tena kwa mpangilio uleule. Haya, kaeni.

1. Jagariya, yule mwimbaji anayemwita mungu, harekodiwi mchana, kwenye kiti cha plastiki, bila hurka, kingoma chake cha mkono. Ataimba kwa heshima yenu, lakini atawapa mukhtasari, maana beti ziko mkononi: ngoma ikilia ndipo zinapokuja. Mmoja wenu kaleta kisa kizima cha Golu, mungu wa haki wa huko, kwa dakika kumi na moja. Golu! Mtoto aliyebadilishwa kwa jiwe la kusagia, akafungwa kwenye sanduku la chuma, akatupwa mtoni, kisha akaja kumnywesha maji farasi wa mti ili wake wenza wa mama yake, waliombadilisha, waumbuke. Huo ni usiku mzima.

2. Maiki ikae mbali na thali inayogongwa pamoja na hurka. Ile sahani inameza maneno.

3. Hili ndilo langu. Mwaka wa pili nilipanga chumba Kumaon, eneo hilohilo la Almora, kwa mama mmoja mchangamfu. Asubuhi hiyo yeye anapepeta mchele barazani, mimi ndani nanukuu. Hedifoni zilikuwa zimekufa, nikafungulia spika ya kompyuta. Kulikuwa na mstari ulionishinda, kwenye autan, pale hurka inapobadilika na mungu anaitwa ashuke. Nikaurudia. Nikaurudia tena, labda mara tisa. Ungo ukaanguka. Nikadhani paka. Kuchungulia, mama kapiga magoti, mabega yanatetemeka, nywele zimefumuka, mchele umetapakaa. Kumbe ni dangariya, yaani kiti cha mungu, na miezi yote ile sikuwahi kuuliza.

Mnajua nilifanya nini? Nilizima. Nami ni mtoto wa pwani, najua kabisa pepo akishapanda kwa kiti chake ngoma haikatwi! Mungu kaitwa, kaja. Dhuni, ule moto wa ibada, haipo, majivu hayapo, wala wa kumwimbia arudi Himalaya hayupo. Mume wake alinitazama mara moja tu, akachukua simu. Jagariya alishuka kutoka kijiji cha juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na umri ule, akapiga hurka jua likiwaka. Akamrudisha. Kisha akaomba chai, akaniuliza taratibu kama kile kimashine changu kina kitufe cha kumuaga mungu.

Jioni mama aliniletea chakula kama kawaida. Sikuweza kumeza.

Mtaniambia, mbona Pritam Bhartwan anaimba jagar jukwaani, na 2019 akapewa Padma Shri, nishani ya taifa ya India? Yeye kakua na ngoma hizo nyumbani kwao, Garhwal, jirani na Kumaon. Wewe umekua na bongo fleva.

4. Acheni kuandika "mwimbaji wa kijijini". Ana jina, ana aliyemfundisha. Wengi wao ni Wadalit, tabaka linalotengwa India: wanaamsha miungu ya nyumba ambazo jikoni mwake hawaruhusiwi kuingia, halafu na ninyi mje muwafute kwenye faili? Muulizeni jina liandikweje, na nani asikie kipi. Akisema autan isitoke, ikateni iwe faili ya peke yake, ifungwe.

5. Hedifoni, jozi mbili.