Re: Roboti inahama kila meli ikigeuka

Mkuu, umesema roboti yako ya chini ya maji imetulia chini, mita 1,100, lakini kila meli ikigeuka skrini inaonyesha imehama mita kumi na ushei. Ukabadilisha umbali wa antena ya GPS hadi kichwa cha sona (kile cha chini ya meli kinachoitafuta roboti kwa sauti), mambo yakazidi kuharibika. Rudisha namba zako za mwanzo. Umbali uliopimwa vibaya melini hutoa kosa lile lile, uwe kwenye kina cha mita 50 au 1,100. Kosa la pembe ndilo linalokua na kina. Kama bandarini ulikuwa sawa na huku nje umepotea, angalia kichwa cha sona kimekaaje dhidi ya dira ya jairo (ile isiyotumia sumaku) na kihisi cha mitikisiko ya meli.

Yalinikuta nje ya Mtwara. Tulishusha transponda (kifaa kinachoujibu mlio wa sona) yenye uzito, ikatulia chini. Siku hiyo hiyo tukapima kasi ya sauti toka juu hadi chini, maana maji ya juu ya joto huipitisha kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, kisha kasi hushuka baridi inapozidi. Ukijaza 1,500 kwa mazoea, umejiongezea kosa jingine.

Nahodha akaileta meli juu ya transponda kabisa, akaizungusha pale pale, taratibu (alinuna, alitaka kwenda zake). Ukiwa juu yake namna hiyo, kosa la uelekeo, yaani kichwa kugeukia kushoto au kulia, karibu halionekani. Kinachojitokeza ni kichwa kuinama, mbele na nyuma au ubavuni. Nukta za transponda kwenye skrini zikachora duara, mita 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Piga hesabu kwa kina kama chako cha mita 1,100: ni kama nusu digrii tu! Tukasogea mita 400, pande zote nne, kuusaka uelekeo. Umbali huo, digrii moja ni mita 7.

Programu ikatoa masahihisho, nami nikayaingiza. Duara likawa la mita 20. Nilikuwa nimegeuza alama: kuna mtengenezaji ambaye kwake ubavu wa kushoto ukipanda ni chanya, na mwingine ambaye ni hasi. Tangu hapo sifungi kazi kabla ya kupita tena juu ya transponda kwa data mpya, ambayo haikuingia kwenye hesabu.

Na hata hivyo siku ya tatu kosa likarudi. Bahari ilichafuka, tukapandisha nguzo inayobeba kichwa cha sona. Ilipoteremshwa tena haikukaa ilipokuwa, kwa sababu boliti mbili za flenji, pete inayoishikilia nguzo, zilikuwa zimelegea. Tukazikaza, tukarudia zoezi lote, na nahodha akanuna upya.

Kwa hiyo kabla hujaomba muda wa meli, chukua spana. Nguzo yako imefungwa ubavuni au inapita tumboni mwa meli? Na mara ya mwisho ilipandishwa lini?