Mtoto Asiyebembelezeka

SWALI: Mwanangu wa pili ana miezi mitano. Wa kwanza alikuwa mtulivu, lakini huyu hulia nikimbadilisha nepi, hulia mgeni akimshika, na akishaanza habembelezeki. Mimi mwenyewe ni mtu wa wasiwasi. Je, nimemwambukiza hofu yangu?

JIBU: Dada mpendwa, usijitwishe lawama. Kila mtoto huzaliwa na hulka yake. Madaktari wa magonjwa ya akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza kufuatilia watoto mjini New York mwaka 1956, waliona kuwa takriban asilimia 40 walikuwa wepesi kulea na asilimia 10 wagumu, ila walisisitiza kwamba lenye uzito zaidi ni jinsi malezi yanavyooana na hulka hiyo.

Hata hivyo, hisia zako humfikia, kwa kuwa mtoto husoma uso kabla ya maneno. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Edward Tronick ya miaka ya 1970, mama aliyekuwa akicheza na mwanawe alipokaza uso ghafla, mtoto alitabasamu na kunyoosha mikono ili kumrudisha mchezoni, kisha akageuka pembeni akiwa amenyong'onyea. Lakini hata mama na mtoto wanaoelewana hupishana mara nyingi kwa siku. Kinachojenga imani ni kule kurejeana.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua nepi, mguse kwanza, mwite jina, umsubiri akutazame. Akilia, vuta pumzi ndipo umbebe. Wasiwasi ukikunyima usingizi hata mtoto anapolala, mwone mhudumu wa afya.