Jibu: Waliokuja kuchangia damu wengi walirudishwa

Salaam mkuu. Kwa hiyo klabu yenu ya Lions, ile ya kujitolea kusaidia jamii, ilijaza watu kwenye zoezi la kuchangia damu, wengi wakarudishwa, na Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mnarudia. Angalieni saa kwanza. Sisi tulianza saa nane mchana. Watu walifika na jua, hawajala, dada mmoja akaanguka hata sindano hajaiona. Siku hizi tunaanza saa mbili asubuhi, chai na maandazi mbele. Tangazo liseme wazi: miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume awe amepitisha miezi 3 tangu achangie, mwanamke 4. Mizani ikae mlangoni. Mtu kupanga foleni saa nzima ndipo aambiwe ana kilo 47, harudi tena huyo!