Marquez ama Ducati? Tazama upande wa pili wa gareji

Mwanzilishi wa uzi ameuliza kama ubingwa wa 2025 wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, ni wa mwendeshaji Marc Marquez ama ni wa Ducati, kiwanda kilichomtengenezea pikipiki. Ndugu mmoja hapo juu amejibu "asilimia themanini mashine, ishirini mtu", na tangu hapo watu wanavutana juu ya hizo asilimia kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu. Mimi ni fundi wa pikipiki, niko Kariobangi. Wiki nzima ni boda, na kwa misimu kadhaa Jumapili za mashindano nilikuwa nabeba spana kuwahudumia vijana wa motokrosi, zile mbio za pikipiki za kwenye udongo, pale Jamhuri, Nairobi. Asilimia sina. Nina maoni, na ni marefu kidogo.

Kwanza kipimo. Ukitaka kumtenganisha mtu na mashine, usimlinganishe na yule aliye kwenye Yamaha au KTM, maana hapo unapima vitu kumi kwa pamoja. Mlinganishe na mwenzake wa gareji, yaani wa timu ileile. Pikipiki ileile, matairi yaleyale, data ya kompyuta inasomwa na wahandisi walewale, na kila mmoja anaona mwenzake alishika breki wapi na kwa nguvu kiasi gani.

Chukua 2024. Ducati walishinda mbio 19 kati ya 20. Ile moja iliyowaponyoka ilichukuliwa na Maverick Viñales akiwa na Aprilia kule Austin. Anayesema "mashine" hapo ana haki ya kutamba. Lakini Ducati zenyewe zilikuwa za aina mbili msimu ule: toleo jipya, na toleo la 2023 walilopewa waendeshaji wanne wa timu ndogo. Kati ya hao wanne aliyeshinda mbio ni mmoja tu, Marquez, na alishinda tatu: Aragon, Misano na Phillip Island. Akamaliza msimu akiwa wa tatu. Wale watatu wengine, wenye chuma hichohicho, hakuna hata mmoja aliyeingia saba bora.

Kisha 2025 akahamia timu ya kiwanda, yaani ya Ducati wenyewe. Mwenzake wa gareji ni Francesco Bagnaia, bingwa wa 2022 na 2023, mtu aliyeshinda mbio 11 mwaka 2024. Huyo si mtu wa kubeza. Marquez akashinda mbio 11, akafunga hesabu za ubingwa Motegi, Japani, msimu ukiwa bado na mbio za kukimbiwa. Bagnaia alishinda mbili na kumaliza wa tano. Na wa pili alikuwa nani? Alex, mdogo wake Marc, akiendesha Ducati ya mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo ni mtu? Subiri. Huyuhuyu Marquez mwaka 2023 alikuwa na Honda. Hakushinda mbio hata moja ya Grand Prix, akamaliza wa 14, huku akianguka kila mara kwa kujaribu kuilazimisha pikipiki kwenda mahali isipotaka. Mkono aliouvunja kwenye ajali ya uwanja wa Jerez, Hispania, 2020 ulikuwa umeshafanyiwa upasuaji wa nne mwaka mmoja kabla. Akili ileile, miezi michache tu kabla ya kupanda Ducati. Mashine ndiyo dari. Mtu ndiye anayeamua kama utaligusa dari kwa kichwa ama utabaki sakafuni, lakini hakuna anayelitoboa.

Hadi hapo nadhani tunaelewana na wengi wenu. Ninachotaka kuongeza ni jambo ambalo sijaona mtu akiligusa: kipaji kikubwa kinaweza kuiharibu mashine. Namaanisha kuiharibu kama kazi ya kiwanda, mwaka hadi mwaka, wala sizungumzii kuangusha.

Nitaeleza kwa mfano wa Jamhuri. Kulikuwa na kijana mmoja, mwepesi, anayeendesha motokrosi ya mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Alikuwa anashinda. Pikipiki ilikuwa imeagizwa kutoka nje ikiwa na jeti zake za kiwandani (vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli ya kuingia kwenye injini), na wenye kujua wanajua Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi. Jeti iliyopimwa kwa watu wa pwani ya Ulaya, hapa inamwaga petroli kuliko hewa inavyoweza kuchoma. Injini inazama, hasa unapofungua mafuta taratibu ukitoka kwenye kona.

Yule kijana hakulalamika hata siku moja. Alikuwa ameshajifunza kuishi nayo bila kujua. Akiingia kona anashika klachi nusu, anaiacha injini ipige kelele juu, haruhusu mzunguko ushuke mahali inapozama. Ukisikiliza kutoka kando ya uwanja unadhani ni mbwembwe. Baba yake alifurahi, mimi nilibadilisha cheni na pedi za breki, na mashine ikahesabiwa kuwa haina tatizo, kwa sababu mashine inayoshinda haiulizwi maswali.

Halafu akaumia kifundo cha mguu na pikipiki akapewa binamu yake. Binamu naye si mbovu, ila anaendesha kama kitabu kinavyosema: anaachia klachi, anafungua mafuta pole, anasubiri. Kila kona injini inakohoa na kufa ganzi. Watu wakaanza kusema huyu hana kipaji. Nilipofungua plagi ilikuwa nyeusi na imelowa, unaweza kuandikia ukutani. Nikaweka jeti kuu ndogo, nikashusha sindano ya kabureta hatua moja, na ikawa pikipiki nyingine kabisa. Yule wa kwanza alipopona akaipanda, hakuipenda. Alisema imekuwa "nyepesi sana" pale chini. Mkono wake ulikuwa umezoea ugonjwa.

Sasa rudi kwenye Grand Prix. Mwaka 2007 Ducati walimchukua Casey Stoner, kijana wa Australia, akashinda mbio 10 na ubingwa. Mwenzake wa gareji, Loris Capirossi, mzoefu aliyeijua Ducati tangu ilipoingia MotoGP, alimaliza wa saba. Mwaka uliofuata akaletwa Marco Melandri, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa 250cc, akamaliza wa 17. Ishara zilikuwa wazi: mtu mmoja anaruka nayo, wengine wanazama. Lakini kiwanda kikitazama Jumapili jioni kinaona kombe. Tairi la mbele lilikuwa halimpi mtu hisia yoyote, na Stoner alikuwa na namna yake ya kuigeuza pikipiki kwa tairi la nyuma, akifungua mafuta mapema mahali wenzake bado wanaomba Mungu. Alivyoendelea kushinda, ndivyo tatizo lilivyoendelea kulala.

Akaondoka mwisho wa 2010, akaenda Honda, na 2011 akatwaa ubingwa tena kwa mbio 10. Nafasi yake Ducati ikachukuliwa na Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara kadhaa. Mnakumbuka hesabu: misimu miwili, ushindi sifuri, jukwaani (tatu bora) mara tatu tu. Ducati wakatupa fremu ya nyuzi za kaboni, wakatengeneza ya alumini, bado. Tangu ushindi wa mwisho wa Stoner, Phillip Island 2010, Ducati hawakushinda tena hadi Andrea Iannone aliposhinda Austria mwaka 2016. Karibu miaka sita. Shimo lilikuwepo muda wote, ila kulikuwa na mtu aliyejua kuliruka.

Honda walirudia kosa hilohilo, tena wakiwa na fedha zaidi. Msimu wa 2019 Marquez alikusanya pointi 420. Kila mbio aliyomaliza alikuwa wa kwanza au wa pili. Mwenzake wa gareji, Jorge Lorenzo, bingwa mara tatu wa daraja hilohilo, alipata pointi 28. Ni kweli Lorenzo aliumia mgongo Assen na kukosa mbio kadhaa, lakini hata kabla ya hapo hakuwa akiingia kumi bora. Honda wakachukua ubingwa wa viwanda mwaka ule, karibu wote kwa mgongo wa mtu mmoja. Kisha Julai 2020 Marquez akavunjika mkono Jerez, na pikipiki ikabaki bila mkalimani. Mwaka huo wote Honda hawakushinda mbio hata moja. Kufikia 2022 walikuwa wa mwisho kati ya viwanda vyote.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "Marquez aliifanya Honda kuwa nzuri", mimi kama fundi nasita. Aliifanya ishinde, na hayo ni mambo mawili.

Kuna aina nyingine ya kipaji, na hapa ndipo Rossi anapoingia. Mwaka 2004 alihama Honda yenye kila kitu akaenda Yamaha, kiwanda ambacho hakikuwa kimepata ubingwa wa daraja la juu tangu Wayne Rainey mwaka 1992. Mbio ya kwanza ilikuwa hapa hapa Afrika, Welkom, Afrika Kusini. Alipigana na Max Biaggi aliyekuwa kwenye Honda hadi mstari wa mwisho, akashinda, akaegesha pikipiki kando na kukaa chini. Hadithi hiyo husimuliwa kama ni Rossi peke yake. Si kweli. Alihama na fundi mkuu wake, Jerry Burgess, pamoja na kundi lake. Na ndani ya Yamaha alimkuta mhandisi Masao Furusawa, aliyemwandalia injini za aina kadhaa azijaribu. Rossi akachagua ile inayopiga silinda zake kwa vipindi visivyolingana, ambayo haikuwa na kelele za nguvu nyingi, lakini mkono ulisikia tairi la nyuma linafanya nini. Hapo mtu amesaidia mashine: ameipanda, amerudi, amesema ni ipi na kwa nini, na kuna mtu wa kusikiliza.

Ila mtu huyohuyo, na Burgess huyohuyo, walienda Ducati 2011 wakashindwa. Rossi alieleza tatizo kila wiki. Kiwanda hakikuwa na jibu. Ndiyo sababu siwezi kusema kipaji cha kueleza kinatosha. Ducati walianza kuamka baada ya kumleta mhandisi Gigi Dall'Igna kutoka Aprilia mwisho wa 2013, na wakaweka pikipiki nyingi uwanjani mikononi mwa watu wa mitindo tofauti. Ukiwa na waendeshaji wanane wanaolalamika, ugonjwa hauna pa kujificha. Naamini hiyo ndiyo siri ya Ducati ya leo kuliko yale mabawa ya kukata upepo kwenye pikipiki mnayoyabishania.

Ndugu wa asilimia themanini ametoa changamoto: "Basi mpeni Marquez Yamaha ya 2025 tuone." Nitajibu. Ubingwa hapati. Fabio Quartararo alikuwa anaiweka mbele kwenye mzunguko mmoja wa kufuzu, na ikifika mbio ndefu anapitwa kama amesimama. Hapo ni injini na tairi la nyuma, si woga. Marquez angeshinda mbili tatu, mvua ikinyesha au kwenye viwanja vya kona za kushoto anavyovipenda, na angeanguka mara nyingi. Ambacho kingenitia wasiwasi ni mapema ya mwaka unaofuata, wahandisi wakikaa mezani na kusema pikipiki si mbaya, tazama imeshinda. Na yule wa upande wa pili wa gareji, mwenye karatasi yake ya malalamiko, hakuna anayemuuliza kitu.