Saa ambazo hazikuwa kwenye daftari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, na wajukuu wote uwasalimu.

Umeniandikia kwamba umeanza kuuza kazi zako za kroshia: mablanketi ya watoto wachanga, kofia na wanasesere. Oda zinaingia mpaka unakosa usingizi, lakini pesa huzioni, na mumeo amesema nyumba imegeuka karakana. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga akarudi mlangoni, ukauliza: "Mama, ile kazi yako ilikuwa inalipa kweli, au ulikuwa unatuambia tu?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa hiyo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Nilitoa madaftari yangu ya zamani kabatini nikakaa nayo siku tatu. Miaka 4 ya mwanzo haikulipa. Baada ya hapo ililipa, si pesa nyingi, lakini ililipa kweli. Ujuzi wangu haukuongezeka sana katikati ya vipindi hivyo viwili, na wateja walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kimoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, na mali ikapotea vilevile. Kila donge la uzi nililiandika, kila kifungo, kila nauli ya kupeleka mzigo. Saa zangu sikuziandika hata mara moja. Nilijiambia kwamba nafuma jioni nikiwa nimekaa, na mtu aliyekaa hafanyi kazi. Basi kila nilipouza kitu nilitoa gharama ya uzi kwenye bei, na kilichobaki nikakiita faida.

Mwaka wa tano nilichoka. Nikaamua blanketi moja nitalipima toka donge la kwanza hadi kwa mteja, kila nikishika kazi naandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Lilikuwa blanketi la sentimita 90 kwa 90, sindano ya milimita 5, na lilikula karibu gramu 500 za uzi. Kufuma kwenyewe kulichukua saa 19. Kuficha ncha za uzi, saa 2. Kuliosha, kulinyoosha na kulibana kwa pini likauke kwenye umbo lake, saa 2 nyingine. Na zile shughuli ambazo hatuzihesabu kuwa shughuli, yaani kumjibu mteja anayebadilisha rangi, kupiga picha, kufunga na kupeleka, saa 3. Jumla saa 26.

Sasa chukua bei niliyokuwa nauza uigawe mafungu 100. Uzi ulikuwa mafungu 45, kifungashio na nauli mafungu 10. Yalibaki 45. Yagawe kwa saa 26: hayafiki hata mafungu mawili kwa saa. Nilirudia hesabu ile mara kadhaa nikitafuta nilipokosea.

Wiki iliyofuata nikapima kofia ya mtoto, ile niliyokuwa nafuma kupunguza mabaki ya uzi. Kwa kipimo kilekile, kofia niliiuza mafungu 20. Uzi 5, kufunga na kupeleka 3, yakabaki 12. Ilinichukua saa mbili na nusu, kwa hiyo karibu mafungu matano kwa saa. Kofia niliyoiona kama mchezo ilikuwa inanilipa karibu mara tatu ya blanketi ambalo kila mtu alilisifia. Miaka 4 nilikuwa nawakatalia watu kofia ili nipate nafasi ya mablanketi!

Ndiyo maana, mwanangu, sitakuambia upandishe bei wala uache mablanketi kabla hujapima. Saa zako huenda si kama zangu, wewe una mkono mwepesi kunishinda. Pima kitu kimoja cha kila aina unayofuma, kwa wiki mbili, usijidanganye hata dakika tano. Ukisimama kumnyonyesha mtoto, funga saa. Ukirudi, fungua. Mimi baada ya kupima nilipandisha blanketi hadi mafungu 130, na sikulifuma tena bila oda iliyolipiwa nusu mapema. Walioondoka waliondoka. Waliobaki walinitosha, maana mikono nilikuwa nayo miwili tu.

Hiyo nusu ya mapema ishikilie. Ndiyo inayokuwezesha kununua uzi wote kwa mara moja, na uzi lazima ununue wote kwa mara moja. Kwenye karatasi ya donge kuna namba mbili, ya rangi na ya loti, yaani mkupuo wa utiaji rangi. Mimi niliwahi kuishiwa uzi blanketi likiwa limebakiza upana wa kiganja, nikaenda kuongeza donge la rangi ileile bila kutazama loti. Usiku chini ya taa sikuona kitu. Asubuhi nilipolipeleka dirishani, mstari ulikuwa wazi kama maji yaliyoishia kwenye ukuta. Nikafumua safu zote za donge lile, na saa zile nazo hazikuandikwa popote.

Umesema kuna mteja anayekuambia dukani kuna mablanketi ya bei nafuu. Usibishane naye, na usishushe bei. Kufuma kwa sindano mbili mashine ilianza kukufanya zamani sana. Mtu aitwaye William Lee wa Uingereza aliunda mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Kroshia ni habari nyingine. Ile ya kweli inayouzwa madukani imefumwa kwa sindano mkononi mwa mtu, kama yako. Ikiwa inauzwa kwa bei ya kutupa, basi kuna mtu mahali fulani saa zake hazikuhesabiwa, na wewe hutaki kushindana naye kwa kukaa chini yake.

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo nilipokawia kuelewa.

Unakumbuka kushika uzi? Siku hizo nilinunua uzi wa mashada kwa sababu ulikuwa na bei ndogo kuliko wa madonge. Shada haliwezi kufumwa lilivyo, litajifunga mafundo. Lazima likunjwe donge kwanza. Wewe ulikuwa na miaka saba. Nilikusimamisha mbele yangu, mikono umeinyoosha, viganja vinatazamana, shada limezunguka vifundo vya mikono yako, nami nikivuta na kukunja. Uliinamisha mkono wa kulia uzi ukateleza ukitoka, kisha wa kushoto, kulia, kushoto, bila kuambiwa. Shada moja lilichukua kama dakika 20. Kuelekea mwisho mikono yako ilishuka kidogo kidogo na mimi nikasema, "Inua, mwanangu, inua kidogo tu." Ukainua. Nilidhani tunapiga soga. Nilidhani ndio muda wetu wa kuwa pamoja, na kwa kiasi ulikuwa hivyo, maana hadithi zako zote za shule nilizisikia hapo.

Lakini nilipokuwa napima lile blanketi, ulikuwa umeshakua, na shada nilikuwa navalisha mgongo wa kiti. Nikajiuliza kiti kimechukua kazi ya nani. Mashada matano kwa blanketi, dakika 20 kila moja, ni zaidi ya saa moja na nusu ya mtoto wa miaka saba katika kila blanketi nililouza. Na baba yako? Kila Jumamosi alipeleka mizigo. Miaka 4, hakuna mstari mmoja wenye jina lake. Nikielewa hivyo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akinuna siku za oda nyingi, nami nikimwona hanisaidii.

Kwa hiyo mumeo akisema nyumba imegeuka karakana, usikimbilie kukasirika. Huenda anasema jambo la kweli kwa maneno mabaya. Muulize ni nini hasa kinachomkera. Baba yako nilipomuuliza, nilitarajia ataje pesa. Akasema meza. Kwamba kila akirudi kazini meza ya kulia imejaa uzi, na anakula amepakata sahani. Miaka yote ile nilikuwa na dawa ya dakika tatu. Nikatafuta kisanduku kikubwa chenye mfuniko, na ikawa sheria yangu mwenyewe: kabla ya chakula cha jioni kila kitu kinaingia kisandukuni na mfuniko unafungwa. Kama kazi haienei humo, nimechukua oda nyingi mno. Kipimo hicho kilinisaidia kukataa oda kuliko ushauri wowote.

Saa za mwenzio nazo ziandike. Sisemi umlipe mshahara. Andika tu, muda wa kupeleka, muda wa kukaa na watoto ili wewe umalize oda, kisha mwisho wa mwezi mtazame pamoja. Sisi tulipoanza kutazama pamoja, baba yako ndiye aliyependekeza mizigo ipelekwe mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na wateja hawakulalamika kwa sababu waliambiwa mapema. Binti yako mkubwa naye, akitaka kusaidia kufunga vifurushi, msaada wa kazi inayouzwa umlipe kidogo na uuandike. Kutandika kitanda chake na kuosha vyombo usimlipe, hiyo ni nyumba. Ukichanganya hayo mawili, siku moja atakuuliza bei ya kumbeba mdogo wake.

Mikono yako pia ni ya nyumba. Kila nusu saa weka sindano chini, nyoosha vidole, tazama mbali. Kidole gumba kikianza kuwaka usikilazimishe. Mimi nilikilazimisha.

Kuhusu wanasesere nina jambo moja, na hili ni agizo, si ushauri. Macho ya vifungo yaache. Miaka ile mteja mmoja alinirudishia mwanasesere akiwa ameshika kifungo kwenye kiganja, amekitoa kinywani mwa mwanawe wa miezi kumi. Nilikuwa nimekishona mara nne na kukipiga fundo, lakini mtoto anatafuna, mate yanalainisha uzi, na kifungo kinang'oka. Hakunifokea. Alikiweka mezani akaondoka, na mwanasesere akamwacha pale. Marekani wana kipimo cha vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3: silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande chochote kinachoenea humo kinahesabiwa kuwa hatari ya kumkaba mtoto. Kifungo changu kingeingia na nafasi ikabaki. Tangu siku ile macho nilidarizi kwa uzi. Dakika 25 kwa macho mawili, badala ya dakika 3 za kushona vifungo, na dakika hizo zote nikaziweka kwenye bei bila kumwomba mtu radhi. Kila mwanasesere umvute viungo kwa nguvu, umwoshe, umvute tena, ndipo auzwe.

Umeniuliza kama nilikuwa nawaambia tu. Nilikuwa naamini, mwanangu. Niliona pesa zikiingia mkononi na ada zenu zikilipwa, na sikujua sehemu ya pesa hizo ni usingizi wangu, Jumamosi za baba yako na mikono yako. Siujutii ufumaji. Najuta kwamba hamkujua mlichokuwa mnatoa, kwa hiyo hamkupata nafasi ya kukubali wala kukataa.

Lile blanketi la pili uliloniambia mteja analitaka kwa haraka, usilipokee kabla la kwanza halijakauka kwenye pini. Mwambie tarehe ya kweli hata akienda kwingine.

Daftari la mwaka wa kwanza nitakuletea nikija kuwaona. Jana niliongeza safu pembeni kwa kalamu nyekundu, blanketi moja moja, saa za kushika uzi kadiri nilivyoweza kukumbuka, na juu yake nimeandika jina lako. Ukiona nimekosea, nisahihishe, wewe ndiye uliyekuwa umesimama.

Mama yako