Vijana wa miaka 16 na kuendelea wanakimbia klabu: nilivyokosea na nilivyorekebisha

Mkuu, umeuliza kwa nini vijana wenu wanapotea mara tu wakivuka umri wa Watafuta Njia (klabu ya Kisabato ya watoto wa miaka 10 hadi 15), na kama mkiwaongezea gwaride na nishani watarudi. Nimeongoza Mabalozi, klabu ya wanaotoka Watafuta Njia, kwenye kanisa letu la Kisabato hapa Same kwa miaka sita, najibu kwa niliyoyaona.

Gwaride usiongeze. Huyo kijana ameanza kulipiga akiwa na miaka 10. Akifika 15 kamaliza madarasa yote sita, kuanzia Rafiki hadi Guide (watoto wetu hutamka "gaidi", wageni hushtuka), mafundo anafunga gizani, huduma ya kwanza anaijua kuliko wewe. Halafu umpange mstari mmoja na mdogo wake wa darasa la tano, umkague soksi? Hata mimi ningekimbia. Mabalozi ni wa miaka 16 hadi 21, lakini makanisa mengi, letu likiwemo, tulibadilisha jina la kundi tukaendelea na yale yale.

Mwaka wa kwanza nilipanga kila kitu mwenyewe: ratiba, chakula, njia ya kupanda mlima, hata nyimbo za kuimba motoni. Walianza 19. Kufika Pasaka wamebaki saba, na wawili kati yao ni wanangu, hawakuwa na pa kukimbilia.

Mwaka wa pili nikawaachia safari nzima. Tulikuwa tunapanda kwenda Giti, kule Mamba milimani Upare, walikofikia wamisionari wa kwanza wa Kisabato kutoka Ujerumani mwaka 1903. Nikawaambia tafuteni njia, pigeni hesabu, mkaonane na mtendaji wa kijiji, mimi nitabeba begi langu tu. Daftari la fedha akapewa binti wa miaka 17. Baada ya siku tatu akaniletea bei ya Coaster aliyoipata stendi kwa kubishana asubuhi nzima, kaiandika pembeni ya ile niliyolipa mimi mwaka uliotangulia. Tofauti yake ilinunua mchele wa siku mbili. Nilinyamaza.

Walikosea pia. Walibeba unga kilo 25 wakasahau mwiko, ugali ukasongwa kwa mti uliochongwa pale pale. Kijito walichokitegemea kilikuwa kimekauka, maana masika yalikuwa haba mwaka ule. Mimi nilijua, sikusema. Wakatembea saa nzima na madumu hadi bomba la kijiji. Mzee mmoja wa kanisa alinilaumu sana kwa hilo. Sijutii, ila nawe usifanye bila akiba: nilikuwa nimeacha madumu mawili kwa mwenyeji wetu na hakuna aliyeambiwa.

Sasa jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa miaka: kalenda. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Miezi yote hiyo kijana yuko nyumbani, hana ratiba, anaambiwa akachote maji. Hao ndio uti wa mgongo wa klabu. Wakianza kupanga Desemba, safari ikawa mwezi wa 6 shule zikifungwa, wanafunzi wa bweni wanakuta kila kitu tayari. Ukipanga kambi Oktoba utakwenda peke yako.

Usalama sina mzaha nao. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe na ndevu. Kwa hiyo wa 16 halali hema moja na wa 21. Watu wazima wasipungue wawili, mmoja mama, na hakuna mlezi kukaa faragha na kijana mmoja. Mzazi asipotia sahihi, mtoto anabaki. Tumewahi kuwaacha wanne stendi wanalia.

Kuhusu ibada, hubiri refu halihitajiki. Ijumaa jua likikaribia kuzama, Sabato ikikaribia kuanza, chakula kimeshapikwa, kuni zimeshakusanywa, hakuna kazi tena, na hapo ndipo wanaanza kuuliza wenyewe. Swali linalorudi kila mwaka: mtihani wa chuo ukiangukia Sabato nafanyaje? Mimi sikusoma chuo, nikijibu ni maneno matupu. Siku hizi naalika mtu aliyeahirisha mtihani kweli, aeleze ilivyomgharimu, hata kama habari yake haikuisha vizuri.

Sare msianze nayo. Skafu inatosha, wenye uwezo watashona baadaye. Kuna kijana alikaa nyumbani miezi mitatu kwa aibu ya suruali.

Mkitaka kupanda Giti mwakani semeni mapema. Binti wa daftari yuko chuo mwaka wa pili sasa, ila namba ya yule dereva wa Coaster bado anayo.