Kazi ya kwanza watampa. Aulize ya pili itatoka wapi

Dada yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Binti ana miaka 19, amemaliza kozi ya nywele na vipodozi hapo Birmingham, kaona tangazo la mafunzo ya filamu kwa vijana weusi na Waasia, na wewe unauliza kama wana nia kweli au wanatafuta sura za kupiga nazo picha. Mimi ni msusi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 11 natengeneza nywele kwenye filamu na tamthilia hapa London. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Aombe. Ila kabla hajasaini aulize: mafunzo yakiisha, nani atampigia simu?

Kazi zetu nyingi hazitangazwi. Mkuu wa idara ya nywele akipata filamu, Ijumaa usiku anawatumia ujumbe watu aliowahi kufanya nao kazi, Jumatatu alfajiri wako kazini. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba weusi wasije. Anaita anaowajua, na anaowajua ni waliosoma naye, jirani yake, mtoto wa dada yake. Kama namba yako haimo kwenye simu ile, cheti chako hakina wa kukisoma.

Mimi niliingia kwa sababu mambo yaliharibika. Mwigizaji mmoja, nywele zake za kipilipili kama zetu, alikalishwa kwenye kiti na wasusi wote wanne waliokuwepo hawakujua wamshike vipi. Mmoja alichukua kitana cha meno membamba akaanza kuchana toka kwenye ngozi, nywele kavu, bila maji wala mafuta. Mteja wangu wa saluni alikuwa akifanya kazi kwenye mavazi, akanipigia. Nilipofika dada wa watu macho yamevimba kwa kulia na muda wa kuanza kupiga picha umeshapita. Nikanyunyiza maji, nikagawa mafungu, nikashika chanuo nikaanzia nchani kupanda juu polepole. Kisha nikamsuka twende kilioni, mistari midogo iliyolala, wigi likakaa juu yake kama limezaliwa naye. Dakika 40. Alinishika mkono muda mrefu bila kusema kitu.

Baada ya hapo waliniita kila mara, lakini kama deiwaka, kibarua wa siku. Siku yenye waigizaji weusi naitwa, siku isiyo nao sihitajiki. Miaka 4 nimeishi hivyo, na hapa ndipo nataka umsikilizishe binti. Deiwaka hakai na filamu mwanzo hadi mwisho. Mwigizaji anafungua mlango leo, kuingia ndani kunapigwa picha wiki 3 baadaye, na kila unywele lazima uwe palepale. Kutunza mfuatano huo ni elimu yenyewe, na deiwaka haipati. Hakai kikao na mwongozaji, haoni bajeti inavyopangwa, mara nyingi hata jina lake halitokei mwisho wa filamu. Sasa mtu huyo atakuwaje mkuu wa idara? Na kama hakuna mkuu wa idara aliye mweusi, Ijumaa usiku nani atamkumbuka binti yako?

Ndiyo maana mwaka 2021 nililia nilipoona Mia Neal na Jamika Wilson wanachukua Oscar ya vipodozi na nywele pamoja na mwenzao Sergio Lopez-Rivera. Tuzo hiyo ilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hao ndio wanawake weusi wa kwanza kuipata.

Kanuni zipo, na sizidharau. Baada ya kelele za 2015 na 2016, ambapo miaka yote miwili waigizaji wote 20 walioteuliwa kwa Oscar walikuwa Wazungu, wenye tuzo waliandika masharti. Kuanzia tuzo za 2024, filamu inayotaka kushindania Filamu Bora lazima itimize vigezo 2 kati ya 4, na kimojawapo kinahusu nafasi za mafunzo zenye malipo. Hapa Uingereza BFI, taasisi ya filamu ya nchi, wana vigezo vyao, na BAFTA, wanaotoa tuzo za filamu za hapa, nao wakavifuata kwenye baadhi ya tuzo. Upande wa waigizaji kuna hata shule kama Identity ya Femi Oguns, iliyoanza 2003, walikopita John Boyega na Letitia Wright. Sisi wa nyuma ya kamera tunategemea hizi nafasi za mafunzo, na nimeshuhudia vijana wakiagwa kwa keki siku ya mwisho, halafu filamu inayofuata inachukua wapya, wale wa mwanzo wamerudi dukani kuuza nguo.

Jambo jingine ni gari. Studio kubwa za filamu, Pinewood na Leavesden, ziko nje ya London, na idara yetu ndiyo inayotangulia kufika. Saa 10 na nusu alfajiri uwe umeshapanga vitana. Treni hakuna. Masomo ya udereva na bima ya mtu wa miaka 19 vinawaangusha watoto wetu wengi kuliko ukosefu wa kipaji, kwa hiyo aulize kama mafunzo hayo yanalipia usafiri au malazi. Kama hayalipii, waambieni wazi kwamba hilo linawazuia. Mwaka jana nilimlaza sebuleni kwangu wiki 6 binti mmoja wa Kikongo kwa sababu hiyo tu. Sasa yuko kwenye filamu yake ya pili, msaidizi kamili.

Mwambie pia ajifunze nywele zote, nyembamba za Kizungu na za Kihindi, na ufundi wa wigi, ili asiwekwe kwenye kapu la kuitwa siku za weusi peke yake. Na kila siku ya kazi aandike majina na namba za aliokuwa nao.

Machi naanza kazi ya miezi 3, mara hii kama naibu wa mkuu wa idara, na nimeruhusiwa kuchagua msaidizi. Niandikie kwa faragha. Kama hana leseni, sebule bado ipo.